Kumimina rangi za maji: kuchora alfajiri ya Ziwa Kivu hatua kwa hatua

Kwenye picha ya rangi za maji, mwanga hautoki kwenye tyubu ya rangi. Unatoka kwenye karatasi. Miali hupenya utando mwembamba wa rangi, hugonga weupe ulio chini, kisha hurudi machoni ikiwa imebeba rangi ile. Ukiuziba weupe huo kwa rangi nzito, au ukiusugua kwa brashi mpaka nyuzi za karatasi zikasimama, picha inazima, na hakuna rangi nyeupe utakayopaka juu ikaiwasha tena.

Ndiyo maana kumimina kunafaa sana kwa mandhari. Rangi iliyoyeyushwa kwenye maji mengi inamiminwa juu ya karatasi yenye unyevu, ubao unainamishwa, rangi zinakutana zenyewe, na ziada inachuruzika nje. Brashi haigusi karatasi. Sehemu zinazotakiwa kubaki na mwanga huwa zimefunikwa mapema kwa gundi ya mpira inayobanduka, na kila mmimino unaofuata unakuwa mzito kuliko uliotangulia.

Mfano wa mwongozo huu ni alfajiri ya Bukavu, mji wa Kongo ulio ufukweni mwa Ziwa Kivu: jua linachomoza juu ya vilima vya upande wa Rwanda, ukungu umelala chini ya vilima, rasi moja nyeusi iko karibu, mabati machache yanawaka, na boti la wavuvi wa sambaza, samaki wadogo wa ziwa hili, linarudi ufukweni. Karatasi ni ya sentimita 28 kwa 38, yaani robo ya karatasi kamili ya 56 kwa 76. Usianze na kubwa zaidi; kwenye karatasi kubwa maji yanakimbia kuliko mikono. Tenga siku mbili au tatu. Muda mwingi ni wa kungoja ikauke, na ukikata muda huo umekata picha.

Karatasi kwanza, rangi baadaye

Kama fedha ni kidogo, ziweke kwenye karatasi. Inayohitajika ni ya pamba asilimia 100, gramu 300 kwa mita ya mraba, uso wa mikwaruzo ya kati (kwenye lebo za Kifaransa utasoma grain fin). Arches na Fabriano ni majina yanayojulikana. Karatasi ya pamba iliyotiwa jelatini inashika rangi karibu na uso, inavumilia kuloweshwa mara nne au tano, na gundi ikibanduliwa haichuniki. Karatasi ya mbao ya bei rahisi, ile ya madaftari ya kuchorea ya wanafunzi, inafaa kwa majaribio ya rangi tu. Ukiimwagia maji mara ya pili inaanza kutoa vumbi la nyuzi, na gundi inaondoka na ngozi yake.

Rangi ni tatu tu, zote za aina inayopitisha mwanga. Usinunue kwa jina la mbele ya tyubu, kwa sababu kila kiwanda kina majina yake. Soma namba ya pigimenti iliyoandikwa kwa herufi ndogo nyuma:

– Njano: PY150. Ikiwa nzito huonekana kama asali, ikiwa nyepesi hung'aa sana.
– Nyekundu ya waridi: PV19 ya waridi, au PR122 inayoelekea zambarau.
– Buluu: PB15, yaani buluu ya fitalo. Ina nguvu nyingi na inang'ang'ania karatasi, haifutiki.

Epuka njano na nyekundu za kadmiamu. Ni rangi nzuri kwa kazi nyingine, lakini zinaziba mwanga, na zikichanganyika na buluu kwenye mmimino zinaleta tope. Epuka pia nyekundu ya alizarini yenye namba PR83, kwa kuwa inafifia ikikaa mwangani. Ultramarini (PB29) inapitisha mwanga vizuri, ila chembe zake hutuama kwenye mashimo ya karatasi na kufanya punjepunje. Kwenye anga la alfajiri punje hizo zinakera; kwenye anga la mvua ni uzuri wenyewe. Iweke kwa ajili ya masika.

Gundi ya kuziba ni mpira wa majimaji uliowekwa amonia. Drawing Gum ya Pébéo ni mojawapo. Chagua yenye rangi kidogo, ili uione juu ya karatasi nyeupe. Ikikosekana, mshumaa mweupe unaweza kuziba vimetameta vya majini, lakini nta haitoki tena, kwa hiyo kila ulipoipitisha patabaki palivyokuwa siku hiyo mpaka mwisho.

Maji yana umuhimu kuliko watu wanavyodhani. Usitumie maji ya ziwa: Kivu ina chumvi nyingi zilizoyeyuka, na zikikauka kwenye karatasi huacha ukungu mweupe na kubadilisha namna rangi inavyotuama. Maji ya bomba ya Regideso yaliyotulia usiku kucha kwenye bidoni yanafaa. Maji ya mvua ni mazuri zaidi, mradi mvua ya kwanza imeshaosha bati. Ukiwa Goma, maji ya mvua yachuje kwa kitambaa cha pamba na uyaache yatulie, kwani yanaweza kubeba majivu ya volkano.

Vingine, ukiwa Bukavu, utavipata soko la Kadutu au Nyawera: ubao wa tripleksi wenye unene wa milimita 10, mkubwa kuliko karatasi kwa sentimita 5 kila upande, beseni pana, vikombe vitatu vyenye mdomo wa kumiminia, chupa ya kunyunyizia, vitambaa vya pamba vilivyofuliwa, sabuni ya kipande, brashi kuukuu mbili za gundi, brashi laini pana ya maji masafi, na bomba la sindano la mililita 5 lisilo na sindano, kutoka famasi, kwa ajili ya kupima. Ubao ukipata mkono mmoja wa vanishi hautavimba.

Kunyoosha karatasi

Karatasi ya gramu 300 ikilowa inatanuka na kufanya mabonde. Rangi inajaa mabondeni, na ukishakausha unaona madoa meusi yasiyo na maana yoyote. Kwa hiyo inyooshe kabla.

Iloweke kwenye maji baridi dakika 3 hadi 5. Iinue kwa pembe moja, maji yachuruzike, ilaze kwenye ubao, isukume kutoka katikati kwenda kingo kwa mikono misafi. Bandika kingo kwa utepe wa karatasi wenye gundi ya kulowesha, upana wa sentimita 5, nusu juu ya karatasi na nusu juu ya ubao. Kama utepe huo haupatikani, piga pini za stepla kila baada ya sentimita 4 hadi 5. Skochi ya plastiki usijaribu. Inaachia mara tu maji yanapofika. Acha ubao ulale sawasawa mpaka kesho yake. Ukiusimamisha, maji yote hushuka upande mmoja na utepe wa chini hung'oka.

Mchoro, na uamuzi wa giza

Chora kwa penseli ya HB, bila kukandamiza. Unahitaji mistari tu: ukingo wa vilima vya mbali, wa vilima vya kati, wa rasi ya mbele, mstari wa maji, duara la jua. Jua liweke pembeni kidogo ya katikati. Boti usilichore bado. Kifutio kitumie kidogo sana, maana palipokwaruzwa panakunywa rangi kuliko pengine.

Kisha chukua kipande cha karatasi ya kawaida na uigawe picha kwa ngazi tano za giza, kwa penseli peke yake. Ngazi ya 1 ni weupe mtupu: jua, vimetameta, kingo za mabati. Ya 2 ni anga na maji yaliyo chini ya jua. Ya 3 ni vilima vya mbali. Ya 4 ni vilima vya kati na rasi. Ya 5 ni boti na vivuli vya chini ya rasi. Hii ndiyo ramani ya gundi. Ngazi ya 1 inazibwa kabla ya mmimino wa kwanza, ya 2 kabla ya mmimino wa pili, ya 3 kabla ya wa tatu. Ya 5 inapakwa kwa brashi mwishoni. Anayeruka hatua hii huishia kuziba kwa kubahatisha, na gundi haina huruma: usipoziba leo, weupe huo umekwenda.

Gundi ya kwanza

Lowesha brashi kuukuu, isugue kwenye sabuni mpaka nywele zote zishike povu, kisha ichovye kwenye gundi. Sabuni inazuia mpira usigande ndani ya nywele. Rudia kila baada ya dakika chache. Chupa ya gundi usiitikise. Mapovu yake yakipasuka kwenye karatasi huacha matundu, na rangi hupita hapo. Fungua dirisha kwa sababu ya harufu ya amonia.

Ziba duara la jua, halafu vimetameta. Vimetameta havitawanywi popote: viko chini ya jua moja kwa moja, karibu na upeo ni vistari vyembamba vilivyobanana, na kadiri vinavyokuja mbele vinapanuka na kuachana. Kwa mabati, kistari kimoja cha milimita 2 au 3 kwa kila paa kinatosha, na mapaa matano au sita yanatosha kwa kilima kizima. Mtu akiona mistari hiyo ataujua mji bila kuchorewa nyumba.

Acha ikauke yenyewe, dakika 20 hadi 30, zaidi siku za mvua. Imekauka ikiwa kidole hakinati. Usiikaushe kwa mashine ya nywele wala juani: joto linaupikia mpira ndani ya nyuzi na hautabanduka salama. Kwa hiyo umeme ukikatika kazi hii haisimami.

Mmimino wa kwanza

Andaa vikombe vitatu. Katika kila kimoja weka mililita 30 za maji. Ongeza njano mililita 0.5, waridi mililita 0.5, na buluu nusu ya hapo, mililita 0.25, kwa sababu fitalo inazimeza nyingine. Anza na maji kidogo kwenye rangi, koroga mpaka hakuna bonge hata moja, ndipo uongeze yaliyobaki. Bonge moja lisiloyeyuka litaacha mstari wa buluu katikati ya anga.

Jaribu kila rangi kwenye ukanda wa karatasi ileile na usubiri ikauke kabla ya kuihukumu. Rangi za maji hukauka zikiwa nyepesi waziwazi kuliko zilivyo mbichi. Mbichi inapokuridhisha, ujue ni hafifu mno.

Lowesha karatasi nzima kwa brashi pana na maji masafi, mara mbili, kwa pande zote. Ngoja dakika moja au mbili. Tazama kwa ubavu dhidi ya dirisha: uso uwe na mng'ao wa sare, bila madimbwi. Ukiwa na madimbwi rangi itaelea na kukimbia. Ukishakuwa butu, umechelewa, lowesha tena.

Mimina njano kwanza, kiasi cha mililita 15, kuzunguka jua na kwenye maji yaliyo chini yake. Mara moja mimina waridi nje ya njano, ikiigusa. Kisha buluu kwenye pembe za juu na kwenye maji ya mbele. Sasa inua ubao kwa mikono miwili na uuinamishe polepole, huku na huku, si zaidi ya mara nne au tano. Njano na waridi zikutane zifanye chungwa la alfajiri, waridi na buluu zifanye urujuani. Njano na buluu usizikutanishe moja kwa moja angani, zitaleta kijani. Waridi ndiyo mpatanishi kati yao.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Rangi tatu zikikutana vizuri zinavutia kuendelea, na kila mwinamo wa ziada unazichanganya zaidi mpaka zote zinakuwa kijivu cha udongo. Ukishapenda unachokiona, acha. Inamisha ubao kwenye pembe moja ya chini, kiasi cha digrii 45, uchuruzike ndani ya beseni, na ufute tone linalobaki ukingoni kwa kitambaa. Tone hilo lisipofutwa litarudi juu ya karatasi inayokauka, litasukuma chembe za rangi mbele yake, na utapata doa lenye kingo za mikunjo kama koliflawa. Halifutiki vizuri. Baada ya kufuta, laza ubao sawasawa na uuache. Usirudi na brashi. Usirudi na maji.

Maji machafu yaliyo kwenye beseni yahifadhi kwenye kikombe: ni kijivu kilichozaliwa na rangi zilezile, na kitakufaa kwa vivuli.

Kukauka kunategemea majira. Kiangazi, Juni hadi Agosti, saa moja au mbili zinatosha. Masika yanaweza kuhitaji nusu siku. Pima kwa mgongo wa mkono: karatasi iliyo baridi bado ina maji ndani, hata kama macho yanakuambia imekauka. Gundi ikipakwa kwenye karatasi baridi inazama na kung'oka na nyuzi.

Mmimino wa pili: vilima vya mbali

Sasa anga lazima lilindwe. Si lazima ulifunike lote kwa gundi ya bei ghali. Paka utepe wa gundi wa sentimita 1 juu tu ya ukingo wa vilima vya mbali, kwa mkono thabiti, maana ukingo wa gundi ndio utakuwa ukingo wa vilima. Juu ya utepe huo laza plastiki na uishikilize. Ziba pia njia ya mwanga majini na kingo za mabati mengine mawili matatu, ambayo sasa yatabaki na rangi ya waridi badala ya kuwa meupe.

Rangi za safari hii: maji mililita 30, njano na waridi mililita 1 kila moja, buluu mililita 0.5. Weka tofali au kitabu kinene chini ya ubao upande wa anga, ili kila kitu kiteremke kuelekea maji. Lowesha chini ya utepe tu. Mimina buluu na waridi kwenye vilima, buluu ikiwa nyingi. Umbali unapoza rangi, na vilima vya mbali vyenye joto husogea mbele na kuvunja nafasi. Kwenye upande ulio chini ya jua weka tone la njano.

Ukungu unatengenezwa sasa hivi, rangi ikiwa bado inang'aa: nyunyiza maji masafi kwenye miguu ya vilima kwa umbali wa sentimita 30, mara mbili au tatu. Chini patayeyuka, juu patabaki pakali. Ukingo mkali juu na usio na mwisho chini, huo ndio ukungu. Mng'ao ukishatoka, weka chupa chini. Mnyunyizo uliochelewa unaleta madoa ya koliflawa, mengi madogo.

Mmimino wa tatu: rasi

Ziba miguu yenye ukungu na ukingo wa juu wa vilima vya kati. Maji mililita 20 safari hii, waridi na njano mililita 1.5 kila moja, buluu mililita 1. Mimina eneo dogo, inamisha kidogo. Rasi inaweza kupokea kijani: hapa njano na buluu zinaruhusiwa kukutana, waridi ikipita juu kuzipoza. Giza lionekane kuzidi unapomimina. Wanaoanza karibu wote huogopa hapa, na picha zao hubaki rangi ya chai ya maziwa kuanzia anga hadi ufukwe. Anga linawaka kwa sababu rasi ni nyeusi.

Mmimino wa nne unawezekana kwa karatasi kubwa. Kwa hii, mitatu inatosha.

Kubandua na kumalizia

Karatasi ikishakauka kabisa, sugua gundi kwa ncha ya kidole kisafi au kifutio cha mpira ghafi, kutoka nje kuelekea ndani, kisha uivute ikiwa imelala sambamba na karatasi. Usiivute kuelekea juu. Gundi isikae zaidi ya siku mbili. Ile ya kwanza ikishafika muda huo, ibandue na uipake upya penye haja.

Kingo zilizotoka chini ya gundi zitakuwa kali zote, na macho hayapendi hivyo. Acha kali za mabati na za vimetameta vya mbele. Nyingine, hasa duara la jua, lainisha kwa brashi ngumu yenye unyevu: pitisha mara mbili, futa kwa kitambaa, ngoja. Jua lipake utando hafifu wa njano kwenye ukingo wake, katikati pabaki karatasi.

Boti sasa. Boti la sambaza la Kivu ni mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja, na nguzo ndefu zinazochomoza mbele na nyuma. Kwa mbali ni mistari mitatu ya mlalo na nguzo nyembamba zinazoinuka juu ya upeo. Lipake kwa giza lililokorogwa kwa buluu nyingi, waridi, na njano kidogo sana. Rangi nyeusi ya tyubu ingekaa hapo kama tundu. Liweke lipishane kidogo na njia ya mwanga, mahali weupe na weusi vinapogusana. Kivuli chake majini kipake kwa kile kijivu cha beseni, kikatike-katike.

Kama anga limetoka hafifu mno, unaweza kulilowesha na kumimina tena njano na waridi nyepesi, mara moja tu, baada ya kuziba jua upya. Kama limekuwa tope, halirekebishiki. Geuza karatasi na utumie upande wa nyuma kwa majaribio ya rangi. Matundu madogo ya rangi ndani ya weupe, pale gundi ilipovuja, yakwangue kwa ncha ya wembe, karatasi ikiwa kavu, mara moja au mbili bila kuchimba.

Kwa machweo, mpango unageuka: jua linazama upande wa magharibi uliko mlima Kahuzi, wenye urefu wa mita 3,308, na mlima wote unakuwa ngazi ya 4 mbele ya anga. Ongeza waridi kwa nusu tena kwenye mmimino wa kwanza na upunguze buluu, kisha mlima uumimine mara moja, bila ukungu. Kwa anga la mvua, badilisha fitalo na ultramarini mililita 1 kwa mililita 30, na ubao uuache ulale muda wote ili punje zituame zinapotaka.

Kata utepe kwa wembe siku inayofuata, ukianza na upande mmoja na kumalizia na ulio mkabala wake. Weka picha kwenye fremu yenye kioo, na pembeni karatasi nene ya kuzuia isiguse kioo, la sivyo unyevu wa masika utaleta ukungu wa kuvu kwenye jelatini. Ukuta unaopigwa na jua moja kwa moja haufai, hata kwa rangi imara.